Kuwasikiliza Waliorudi: Mwongozo kwa Aliyefiwa

Kwenye kilio cha Likasi, iwe ni Kikula, Panda au Shituru, kuna swali ambalo haliulizwi kwa sauti. Wanawake wamejilaza kwenye mikeka ndani, wanaume wamezunguka moto nje, nyimbo zinapokezana, bukari inasongwa kwenye sufuria kubwa, na mfiwa anapokea pole za watu mmoja mmoja. Ndani yake anajiuliza mambo mengine kabisa. Aliumia? Alipokata roho aliogopa? Aliniita na mimi sikuwepo? Kilio kikishatolewa na ndugu wa mbali wakishapanda magari yao kurudi Lubumbashi na Kolwezi, maswali hayo ndiyo yanayobaki naye usiku.

Nakuandikia wewe unayelala nayo. Kuna watu waliofika ukingoni mwa kifo wakarudi: moyo ulisimama ukashtuliwa, malaria ilipanda kichwani wakapoteza fahamu siku kadhaa, damu iliwaishia wakati wa kujifungua, udongo wa shimo uliwafunika wakachimbuliwa wangali hai. Baadhi yao wanakumbuka walichopitia. Masimulizi yao yanaweza kukufariji kweli, mradi ujue unachukua nini kwao na unaacha nini. Wanaweza kukueleza anayekaribia kufa huhisi nini. Hawawezi kukueleza marehemu wako yuko wapi leo, na hawawezi kukuambia nani “alimla” kwa ulozi. Ukiulinda mpaka huo, utafarijika bila kudanganywa. Ukiuvuka, unaweza kuumia upya, tena ukawaumiza na wengine.

Tuanze na linalojulikana. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha kazi ya Pim van Lommel, daktari wa moyo wa Uholanzi. Yeye na wenzake waliwahoji wagonjwa 344 wa hospitali 10 ambao mioyo yao ilisimama wakarudishiwa uhai. Watu 62, yaani asilimia 18, walikumbuka jambo fulani la wakati ule walipokuwa hawajitambui. Wengi walieleza utulivu mkubwa. Wengine walijiona wako nje ya mwili, waliona mwanga, walikutana na jamaa waliotangulia, au walifika kwenye mpaka ambao walijua wakiuvuka hawatarudi. Wagonjwa waliobaki, zaidi ya wanne katika kila watano, hawakukumbuka kitu. Usilipite jambo hili haraka, maana lina faraja yake. Mtu ambaye moyo wake ulisimama, akafufuliwa, akasema hana anachokumbuka, anakuambia pia kwamba hakumbuki maumivu wala hofu. Kama marehemu wako alikuwa mmoja wa wengi hao, basi zile dakika ulizoziona wewe, za kuhangaika kwa pumzi na macho kugeuka, huenda yeye hakuwemo ndani yake.

Kwa mji wetu, hata hivyo, ushahidi ninaouona una uzito zaidi ni wa zamani. Likasi imezaliwa na shaba. Ilipoitwa Jadotville ilikuwa ya Union Minière, baadaye ikawa ya Gécamines, na tangu kazi za kampuni zipungue vijana wengi wanashuka wenyewe mashimoni. Wengi waliofiwa hapa hawakumzika mzee aliyekufa kitandani. Walimzika kijana aliyeporomokewa na udongo, kama wale wa Shinkolobwe Julai 2004 katika mgodi ambao serikali ilikuwa imeshaufunga rasmi, au mtu aliyegongwa na lori kwenye barabara ya Lubumbashi. Kifo cha ghafla kinamwachia mfiwa picha ambayo hakuiona kwa macho lakini haimtoki: ile sekunde ya mwisho.

Hapo ndipo ushahidi ule wa zamani unaposaidia. Albert Heim, mtaalamu wa miamba kutoka Uswisi, aliporomoka mlimani mwaka 1871 akanusurika. Kwa miaka mingi baadaye alikusanya maelezo ya wengine walioponea ajali: wapanda milima, waashi na waezekaji waliodondoka kutoka juu, watu wa ajali za reli, askari waliojeruhiwa vitani, mvuvi aliyekaribia kuzama. Mwaka 1892 aliyaweka hadharani. Karibu wote walisema jambo moja. Hawakuhisi maumivu wakati wa kuanguka, woga uliwatoka, akili ilikwenda kasi na safi kuliko kawaida, muda ukarefuka, na wengi waliyaona maisha yao yakipita mbele yao. Heim alihitimisha kwamba kifo cha kuanguka kinamtisha anayekitazama kuliko anayekufa. Tafadhali lisome tena hilo kama ulimpoteza mtu shimoni au barabarani. Hofu unayoibeba huenda ni yako, wala si yake.

Utasikia pia maelezo ya wanasayansi wanaosema yote haya ni kazi ya ubongo unaokosa hewa. Mwaka 2023 Jimo Borjigin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha vipimo vya ubongo vya wagonjwa 4 waliokuwa wanakufa. Kwa 2 kati yao, mawimbi ya haraka ya umeme yaliongezeka ghafla baada ya kuondolewa mashine ya kupumulia. Wagonjwa 4 ni wachache mno kufunga mjadala, na hakuna aliyebaki kusimulia alichohisi. Jadili hayo na mwanao anayesoma chuo ukipenda, lakini usikubali mjadala huo ukunyang'anye faraja. Kama utulivu ule unatoka kwa Mungu, huenda marehemu wako aliupata. Kama unatoka kwenye ubongo wenyewe, bado huenda aliupata. Swali lako lilikuwa kama aliogopa, na majibu yote mawili yanakuelekeza mahali pamoja.

Kila mtu huvikwa nguo za kwao

Usitarajie jirani yako wa Kikula asimulie handaki na mwanga kama kwenye filamu za Wamarekani. Mwaka 1986 Satwant Pasricha na Ian Stevenson waliandika juu ya watu 16 wa India waliodhaniwa wamekufa. Wengi wao walisimulia kuchukuliwa na wajumbe, kufikishwa mbele ya mtu mwenye orodha, kisha kurudishwa kwa sababu aliyetakiwa alikuwa mtu mwingine. Karibu na sisi, ng'ambo tu ya mpaka, Nsama Mumbwe wa Chuo Kikuu cha Zambia alikusanya masimulizi ya Waafrika 15, na baadhi yao waliyachukulia yaliyowapata kuwa dalili ya kurogwa au ya mkosi. Mzungu aliyeona mwanga anaandika kitabu. Mtu wa kwetu anaweza kunyamaza miaka ishirini asije akaulizwa aliponaje.

Na Kongo ina historia yake katika jambo hili, ya kale kuliko vitabu vyote hivyo. Mwaka 1704, katika ufalme wa Kongo, msichana Kimpa Vita aliugua sana. Alisimulia kwamba alikufa, na Mtakatifu Antonio akaingia mwilini mwake. Akasema pia kwamba kila Ijumaa hufa, huwa na Mungu, na Jumamosi hurudi. Maelfu walimfuata. Julai 1706 alichomwa moto akiwa hai. Namtaja ili ujue mambo mawili. Kwanza, habari za kwenda na kurudi si mtindo uliotoka ng'ambo. Pili, mtu akishasema amerudi na ujumbe kwa taifa zima, jambo linaacha kuwa faraja ya mfiwa na kuwa siasa na dini, pamoja na hatari zake zote.

Kwa hiyo usimpime msimulizi kwa mavazi ya simulizi lake. Mmoja aliona mto, mwingine kijiji cha bibi yake, mwingine Bikira Maria, mwingine hakuona kitu ila alihisi mikono ikimshika. Tafuta kilicho chini ya picha: alihisi nini? Aliumia? Alikuwa peke yake?

Jinsi ya kumwendea

Usiende siku za kwanza. Mtu aliyezika juzi hasikii, anameza tu, na kila neno litamkaa kooni. Subiri kilio kitolewe, nyumba itulie, uweze tena kula na kulala hata kidogo. Kisha fikiria nani katika ukoo wako, parokia yako au mtaa wako aliwahi kuwa mahututi akapona. Huhitaji mgeni mwenye kipaza sauti. Mtu bora ni yule unayemfahamu, asiyetafuta chochote kwako, na ambaye hakulianzisha jambo mwenyewe.

Mwendee kwa heshima ya umri wake. “Yaya, tunamshukuru Mungu kwa kukurudisha. Siku ukiwa na nafasi, kama haitakuwa vibaya kwako, ningependa kukusikiliza ulipitia nini.” Halafu nyamaza. Akikataa, shukuru, mwongee mengine. Akikubali, keti naye mahali ambapo watoto hawaingii na kutoka, wala usiwashe simu kumrekodi. Masimulizi haya yakisharushwa kwenye simu za watu yanaanza kuongezewa chumvi, na msimulizi mwenyewe anaanza kulisikia toleo lililoongezwa.

Kuna swali moja nakuomba usimuulize, hata likikuunguza: “Ulimwona mume wangu?” Mtu mwema anayekuhurumia atatamani kukupa jibu, na jibu hilo hutajua kamwe lilitoka kwenye kumbukumbu yake au kwenye huruma yake. Litakuacha na mashaka mahali ulipotaka uhakika. Muulize yaliyompata yeye, basi. Kama katika kusimulia anataja mwenyewe jamaa aliowaona, mwache aseme.

Jiandae pia kusikia simulizi la giza. Si wote waliokutana na utulivu. Wapo waliohisi utupu, upweke au hofu. Mwaka 1992 Bruce Greyson na Nancy Evans Bush walichapisha maelezo 50 ya namna hiyo. Utafiti haujaonyesha kwamba watu wabaya hupata giza na wema hupata mwanga. Basi mtu akikuambia aliogopa, usiligeuze kuwa hukumu juu ya marehemu wako, hasa kama alikuwa akinywa pombe, aliacha kanisa, au alikufa mkiwa mmegombana.

Unapoombwa fedha, ondoka

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo wafiwa wengi wanapoangukia. Katika miji yetu yote kuna wanaotangaza kwamba wamekwenda kuzimu wakarudi na majina. Watakuambia mume wako hakufa kwa ugonjwa. Watakuambia anateseka huko mpaka itolewe sadaka fulani. Watakuambia aliyemuua ni mtu wa nyumbani mwako, na mara nyingi kidole kinamwangukia asiye na wa kumtetea: mama mkwe mzee, mjane mwenyewe, au mtoto yatima aliyeletwa kulelewa baada ya kilio kingine.

Hakuna hata moja kati ya masimulizi niliyokutajia, wala ya Uholanzi wala ya Heim wala ya India, linalompa mtu mamlaka ya kutaja mchawi. Anayetumia safari ya kifo kumshtaki mtu ameshatoka kwenye ushuhuda. Na sheria ya nchi iko wazi. Katiba ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 10, 2009 inaweka adhabu kwa anayefanya hivyo. Ukiona kikao cha familia kinaelekea huko, mtoe mtoto hapo kwanza, mpeleke kwa jamaa mnayemwamini, halafu ndipo mjadiliane na wazee. Huzuni ina njaa ya mtu wa kulaumiwa. Mtoto wa miaka minane hawezi kuishibisha.

Fedha ni kipimo chepesi. Aliyerudi kweli akikusimulia bure chini ya mwembe, hukupoteza kitu hata kama humwamini. Anayetaka dola kwanza ndipo akueleze, au anayekurudisha wiki ijayo kwa “sehemu ya pili”, anaijua huzuni yako kuliko anavyoijua mauti.

Ndoto zako na zile za kitandani

Mara nyingi mfiwa anatafuta simulizi la mwingine huku akificha la kwake. Umeisikia sauti yake uani. Umenusa sabuni yake. Umemwota amevaa shati lile la kazi, anacheka, hasemi. Unaogopa kusema usije ukaitwa mwendawazimu, au usije ukaambiwa mzimu wake haujatulia. Mwaka 1971 Dewi Rees, daktari wa vijijini huko Wales, alichapisha mahojiano yake na wajane na wagane 293. Karibu nusu yao waliwahi kumhisi, kumwona, kumsikia au kuongea na mwenzi aliyekufa. Wengi walisema iliwasaidia. Wengi pia walikuwa hawajamwambia mtu yeyote, hata daktari wao. Kwa hiyo wewe si mgonjwa, na uko pamoja na wengi wanaonyamaza.

Katanga ilikuwa na njia yake ya kuzibeba ndoto. Wazee wanaoikumbuka Jamaa, ule ujumbe wa Padri Placide Tempels ulioenea katika miji ya migodi katika miaka ya 1950, watakueleza kwamba ndoto haikuachwa kwa mwotaji peke yake. Mtu aliipeleka kwa baba na mama wa kiroho waliokuwa wakimlea, nao wakaisikiliza na kuipima pamoja naye, katika mafundisho ya uzima, uzazi na mapendo. Si lazima uwe Mkatoliki kuchukua desturi hiyo. Chagua mtu mmoja mzima mwenye kifua, mweleze ndoto yako asubuhi, na mwulizane pamoja imekuachia nini: amani, deni la kulipa, neno la kuomba msamaha? Ndoto inayobaki kichwani mwa mtu mmoja usiku kucha hukua ikawa kitu kingine.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hulitafsiri kwa hofu. Siku za mwisho mgonjwa alimwita mama yake aliyekufa zamani, akatazama mlangoni akatabasamu, akasema kuna watu wamekuja. Watu wakanong'ona kwamba wafu wanamvuta. Mwaka 2014 Christopher Kerr na wenzake, katika nyumba ya kuwatunza wanaokufa mjini Buffalo, Marekani, walichapisha mahojiano na wagonjwa 59. Karibu 9 katika kila 10 walikuwa wameota au kuona maono ya namna hiyo. Kadiri kifo kilivyokaribia, waliowaona zaidi ni waliotangulia, na hao ndio waliowapa faraja kubwa kuliko wageni wengine wa ndotoni. Kama ulikuwa kando ya kitanda ukasikia mzee wako akizungumza na dada yake aliyezikwa zamani, basi huenda ulishuhudia akifarijiwa. Waambie na wadogo zako waliokuwa nje ya chumba.

Sasa hili ulisome polepole. Masimulizi ya utulivu ng'ambo yanaweza kumvuta mfiwa atamani kufuata. Ukijikuta unaisoma au kuisikiliza habari hii ili upate njia ya kumfuata, iache leo hii na umwambie mtu: dada, padri, mchungaji, muuguzi wa kituo cha afya, yeyote atakayekaa nawe bila kukuacha peke yako. Vivyo hivyo kama sauti unayoisikia inakuamuru kujidhuru au kumdhuru mtu, au kama majuma yanapita huli, hulali, huogi. Lubumbashi, mwendo wa kilomita kama 120, kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, cha watawa wa Frères de la Charité. Kwenda huko si aibu ya ukoo.

Kama wewe ni mtu wa kanisa na unaogopa kwamba kusikiliza haya ni kuchezea pepo, ongea na kiongozi wako, na mkumbushane habari za Lazaro. Alikaa kaburini siku nne. Injili ya Yohana inasimulia jinsi dada yake Maria alivyolia, jinsi Yesu mwenyewe alivyolia, jinsi Lazaro alivyotoka amefungwa sanda. Haikuandika neno moja la Lazaro kuhusu alichokiona. Nadhani kimya hicho kinatupa ruhusa ya kutojua, na ruhusa hiyo ni kubwa. Unaweza kuamini ufufuo bila kuhitaji mtu wa mtaani akuthibitishie, na unaweza kumsikiliza mtu wa mtaani bila kumfanya nabii.

Kwa watoto, sema kidogo na ukweli mtupu. “Watu waliokaribia kufa wakapona, wengi wao wanasema hawakumbuki kuumwa. Nadhani na baba hakuumwa.” Usimwambie kwamba baba amelala, maana ataogopa kulala. Usimwambie kwamba baba aliitwa kwenye mwanga mzuri, maana atakuuliza kwa nini baba aliupenda mwanga kuliko yeye.

Kama unatafuta siku ya kuanza mazungumzo haya nyumbani, tumia Agosti mosi, Siku ya Wazazi. Asubuhi mnakwenda makaburini kung'oa nyasi na kusafisha, mchana mnakula pamoja na wazazi walio hai. Wazee wote wako pamoja, wamekwisha kulia, wameshiba, na hakuna anayekimbilia kazi. Muulize mmoja wao kama aliwahi kuugua mpaka wakamwandalia sanda. Katika familia kubwa ya Likasi hutakosa angalau mmoja. Mpe kiti, mpe munkoyo, mwache aanze anapotaka.